Askari Ndiye Uso wa Kwanza wa Nyumbani

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hiyo ni methali ya mabaharia wa pwani, na maana yake twaijua sote: hata mtu akienda mbele ya chombo na akirudi nyuma yake, mwisho hana budi kurejea mahali pake. Askari aijua methali hii kuliko raia wengi, kwa maana maisha yake ni maisha ya kuhamishwa. Leo yuko kaskazini, kesho yuko mpakani, kesho kutwa apandishwa ndege kwenda kulinda amani katika nchi ya watu. Tangu mwezi wa Machi mwaka 2007 maelfu ya askari wa Uganda wamekwenda Somalia, na kila kikosi kilipomaliza zamu yake, watu waliteremka Entebbe na mifuko yao begani, macho yakitafuta jambo moja tu, nalo ni njia ya kwenda kwao.

Leo hatukusudii kuandika habari za Somalia. Twataka kuwapeleka ndugu zetu wa jeshi na polisi mbali zaidi, hata ncha ya kaskazini ya bara letu la Afrika. Huko, kila mwaka katika miezi ya joto ya Ulaya, wana wa Moroko waliotawanyika katika nchi za watu hurudi nyumbani kwa likizo, karibu wote kwa wakati mmoja, na wengi wao kwa njia moja. Tumelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, lina mafunzo juu ya maana ya kurudi nyumbani. Pili, katika safari hiyo nzima, toka mwanzo hata mwisho, mtu asimamaye penye mlango ni askari. Na ni yeye awezaye kuifanya safari iwe furaha au iwe maudhi.

WALIOTANGULIA WALIKUWA ASKARI

Yafaa tujue kwanza jinsi watu hawa walivyofika Ulaya. Wamoroko wa kwanza kuvuka bahari kwa wingi hawakwenda kutafuta mali. Walikwenda kwa amri. Ufaransa ilikuwa imeitia Moroko chini ya himaya yake mwaka 1912, na Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 iliwachukua Wamoroko kwa maelfu, wengine kushika bunduki na wengine kufanya kazi viwandani. Katika Vita Kuu ya Pili walichukuliwa tena. Mwezi wa Mei mwaka 1944, huko Italia, vikosi vya Wamoroko vilipita katika milima ambayo Wajerumani waliidhani haipitiki, na hivyo vikasaidia kuuvunja ulinzi uliokuwa umeyazuia majeshi ya washirika huko Monte Cassino kwa miezi kadhaa. Wazee wetu wa K.A.R. waliopigana Burma katika vita hivyo hivyo wangalielewana nao vizuri, hata kama hawakuwa na lugha moja.

Baada ya vita Ulaya ilihitaji mikono ya kazi. Mwaka 1963 Moroko ilitia saini mapatano ya kupeleka wafanyakazi Ujerumani Magharibi na Ufaransa. Mwaka 1964 ikafuata Ubelgiji, na mwaka 1969 Uholanzi. Katika machimbo ya makaa ya mawe ya kaskazini ya Ufaransa walitakiwa vijana wenye nguvu. Watu wa kusini ya Moroko hawajasahau jinsi vijana wao walivyopangwa mstari vifua wazi, wakakaguliwa miili kama ng'ombe mnadani, kisha wakapigwa mhuri kifuani: wa kijani kwa aliyekubaliwa, mwekundu kwa aliyekataliwa. Mwenye mhuri wa kijani alikwenda chini ya ardhi kuchimba makaa. Mwenye mhuri mwekundu alirudi nyumbani akiona haya, asijue ni yupi kati yao aliyepata na ni yupi aliyekosa.

Nia ya pande zote mbili ilikuwa kwamba watu hao wafanye kazi miaka michache, waweke akiba, kisha warudi. Lakini bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, nchi za Ulaya zilianza kufunga milango. Ujerumani Magharibi iliacha kuandika wafanyakazi wa kigeni mwezi wa Novemba mwaka huo. Ufaransa ilifanya hivyo mwezi wa Julai mwaka 1974, na Ubelgiji katika mwaka huo huo wa 1974. Waliofunga milango walitumaini kwamba wageni watapungua. Kumbe mfanyakazi naye alikuwa na hesabu yake: nikitoka leo, kesho sitaruhusiwa kuingia tena. Kwa hiyo hakutoka. Badala yake alimwita mke na watoto. Yule aliyekuwa akienda na kurudi akawa mkazi, na nyumbani kwao pakawa mahali pa kwenda mara moja kwa mwaka. Ndivyo likizo ya kiangazi ilivyopata uzito wake. Mlango uliofungwa ndio uliojaza barabara.

PIJO ILIYOJAA HADI JUU

Huenda msomaji akauliza, kwa nini watu wote wasafiri mwezi wa Agosti? Jibu limo viwandani. Sheria ya Ufaransa ilimpa mfanyakazi majuma 4 ya likizo yenye malipo tangu mwaka 1969, na majuma 5 tangu mwaka 1982. Viwanda vikubwa, mathalan vya kutengeneza magari, vilikuwa vikizima mashine mwezi wa Agosti na kuwatoa watu wote likizo kwa pamoja. Shule nazo zilikuwa zimefungwa. Basi siku mashine zilipozimwa, baba hakungoja asubuhi. Mizigo ilikuwa imekwisha fungwa tangu juma zima.

Gari lililokuwa likionekana zaidi katika miaka ya 1970 na 1980 lilikuwa Peugeot. Hatuna haja ya kuwaeleza ndugu zetu habari za Pijo 504. Wengi wameipanda, na wengine wameisukuma. Juu ya keria yalipangwa magodoro, mablanketi, baiskeli za watoto, cherehani, pengine hata jokofu, na juu ya vyote ikafungwa turubai kwa kamba. Ndani walikaa watu, na miguu yao ikawa juu ya vifurushi. Watoto waliozaliwa Ulaya walisinzia wakaamka, wakasinzia tena wakaamka, na kila walipouliza kama wamefika waliambiwa bado.

Kwa kweli palikuwa mbali. Toka Brussels hata bandari ya Algeciras, kusini kabisa ya Hispania, ni zaidi ya kilomita 2,000. Njia hupita Ufaransa yote, huvuka mpaka karibu na Irun, hukata uwanda wa Kastilia, hupita Madrid, kisha huteremkia Andalusia, ambako mwezi wa Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40 mara nyingi. Mwenye likizo ya siku 28 alijua kwamba kila siku aliyolala njiani ni siku aliyomnyang'anya mama yake. Kwa hiyo hakulala. Aliendesha usiku na mchana, akinywa kahawa na kujimwagia maji kichwani. Hapo ndipo mauti yalipomvizia. Wengi walikufa katika barabara hizo, si kwa ulevi wala kwa magari mabovu peke yake, bali kwa usingizi. Askari wa usalama barabarani wa Hispania hawachoki kuwasihi wasafiri wapumzike kila baada ya saa 2, na hakika kumzuia dereva aliyechoka asiendelee ni kumwokoa pamoja na wote waliomo garini, ingawa wakati ule yeye atakuona kuwa adui.

PENYE MLIMA WA TARIKI

Hatimaye msafiri huiona bahari. Ulaya na Afrika hutenganishwa hapo na mlango wa bahari ambao, mahali pake pembamba kabisa, haupiti kilomita 14 au 15. Upande wa kaskazini umesimama mlima wa mawe uitwao Gibraltar. Jina hilo ni la Kiarabu lililopindwa na ndimi za wageni. Asili yake ni Jabal Tariki, yaani Mlima wa Tariki, nalo lilitokana na Tariki bin Ziyadi, amiri jeshi aliyevuka toka Afrika na askari wake mwaka 711. Karne nyingi zimepita tangu hapo. Wavukao sasa hawana panga. Wana pasipoti, tikiti, na watoto waliochoka.

Katika miaka ya 1980 watu walikuwa wakilundikana katika bandari ya Algeciras kwa maelfu, wakilala ndani ya magari na chini ya magari, maji hakuna, kivuli hakuna, kila mtu akitaka meli yake. Mwaka 1986 serikali ya Hispania iliona kwamba jambo hili si ajali, kwa maana ajali haiji kila mwaka kwa tarehe ile ile. Ikaanzisha operesheni maalumu, ambayo maana ya jina lake ni Uvukaji wa Mlango wa Bahari. Kwa desturi operesheni hiyo huanza tarehe 15 Juni na kwisha tarehe 15 Septemba. Awamu ya kwanza ni ya kwenda, awamu ya pili ni ya kurudi. Hushirikisha polisi, walinzi wa raia waitwao Guardia Civil, watu wa bandari, madaktari, wafasiri na wenye meli, wote chini ya mpango mmoja.

Twawaomba ndugu askari walitazame jambo hili kwa jicho la kazi, kwa sababu lina mafunzo kwa kila mtu aliyepata kupangwa zamu mahali penye msongamano. Watu hao hawarundikwi katika bandari moja: mbali ya Algeciras ziko Tarifa, Malaga, Almeria, Motril, Valencia na Alicante, kila mmoja kwa kadiri ya mahali aendako. Nje ya bandari viko viwanja vikubwa vya kuwekea magari, ili foleni isirudi nyuma hata ikafunga njia kuu. Humo hutolewa maji, kivuli, vyoo na matibabu. Na kila askari aliyepata kukabili umati ajua ya kuwa mtu mwenye kiu hasikii amri. Aidha, siku za msongamano mkubwa, tikiti ya meli ya kampuni moja hukubaliwa katika meli ya kampuni nyingine, na msafiri hupanda chombo cha kwanza kiondokacho. Jambo hilo moja hupunguza foleni kuliko virungu mia.

Mwaka 2024 walivuka kwa njia hiyo watu zaidi ya milioni 3 na magari zaidi ya laki 7, kwa kuhesabu kwenda na kurudi. Hilo ni kama jeshi kubwa lihamalo na kurejea katika muda wa miezi mitatu, ila ni jeshi lisilo na nidhamu ya gwaride, lenye vikongwe, wajawazito na watoto wachanga. Kuwapitisha watu hao wote salama ni kazi ya kijeshi kwa mpango wake, ingawa haina hata risasi moja.

MARHABA NA MARAHABA

Upande wa pili wa maji msafiri hupokewa na Moroko yenyewe. Mwaka 1999 iliundwa huko taasisi ya kusaidiana iitwayo kwa jina la Mfalme Mohammed wa Tano, na tangu mwaka 2000 ndiyo isimamiayo mapokezi ya wanaorudi. Operesheni yake huitwa Marhaba. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji kufasiriwa neno hilo. Mdogo akituamkia kwa shikamoo twamjibu marahaba. Wao nao husema marhaba kumkaribisha mtu. Neno ni moja, limesafiri kwa njia mbili.

Taasisi hiyo haingoji watu wafike. Imeweka vituo vyake mpaka ng'ambo, katika bandari za Ulaya kama Genoa ya Italia, Sète ya Ufaransa, na Almeria na Algeciras za Hispania, ambako wamo madaktari na watu wa ustawi wa jamii. Aliyeibiwa mali yake njiani, aliyeugua, aliyefiwa, au aliyepotelewa na karatasi zake, hupata mtu wa kumwendea aliye wa nchi yake. Bandari mpya ya Tanger Med, iliyo kiasi cha kilomita 40 mashariki ya mji wa Tangier, ilianza kupokea abiria mwaka 2010, nayo ina nafasi kuliko ile ya zamani ya mjini. Hapo ndipo polisi wa Moroko hugonga mhuri na watu wa forodha hutazama mizigo, kisha njia hufunguka kuelekea Rif, Casablanca, Souss na kwingineko.

Hapo pia ndipo tunapofika penye kiini cha makala yetu. Mtu aliyekaa ng'ambo mwaka mzima akiota nyumbani, haoti ofisi. Huota ua wa mama yake, harufu ya mkate, sauti ya jirani. Lakini kabla hajayafikia hayo, nyumbani humjia kwa sura ya mtu mmoja aliyevaa sare. Atakalosema mtu huyo ndilo neno la kwanza ambalo nchi imemwambia mwanawe. Simulizi za wazee waliosafiri njia hizi zamani zimejaa habari za noti iliyokunjwa ndani ya pasipoti, na za mizigo iliyoshushwa yote juani kwa sababu noti haikuwamo. Tena waonavyo wao, uchungu wa noti ile haukuwa katika thamani yake. Uchungu wake ni kwamba aliyeidai alikuwa ndugu.

REDIO AMBAYO HAIKUFIKA

Sisi tuandikao makala haya hatusemi hivi kwa kusikia tu. Tulipata kuishi ng'ambo miaka kadhaa, na tuliporudi likizo mara ya kwanza tulishuka ndege katika nchi jirani, tukaja kwa njia ya nchi kavu. Tulifika mpakani usiku. Askari kijana alichukua pasipoti, akaifungua, akatazama mahali palipoandikwa mji tuliozaliwa, kisha akatabasamu. "Mzee," alisema, "juzi mvua kubwa imenyesha kwenu. Karibu nyumbani." Maneno hayo hayakumgharimu hata senti moja. Lakini katika miaka yote tuliyokaa ugenini hapakuwa na mtu aliyetupa habari za mvua ya kwetu, na tulilazimika kugeuza uso tusionekane machozi.

Saa 2 baadaye tulisimamishwa katika kizuizi kingine. Huyu wa pili alimulika tochi yake juu ya mizigo kabla hajatumulika sisi usoni. Hakutuamkia. Aliuliza, "Mmetuletea nini?" Tulikaa pale hata jogoo la kwanza. Katika mizigo yetu mlikuwamo kitambaa cha mama, viatu vya wadogo zetu, na redio ya baba, ambaye alikuwa amezoea kwenda kwa jirani kusikiliza taarifa ya habari. Kitambaa kilifika, viatu vilifika. Redio haikufika. Mzee alipouliza, tulimwambia kwamba tumeisahau. Tulimdanganya baba yetu, kwa kuwa tuliona haya kumwambia ya kwamba tulisafiri katika nchi za watu bila kupoteza kitu, tukaja kunyang'anywa nyumbani. Akaendelea kwenda kwa jirani.

Hatulitaji jina la kituo kile, wala hatumtafuti yule bwana. Huenda naye alikuwa na watoto, na mshahara wake haukutosha. Lakini hata leo, tukikumbuka likizo ile, twawakumbuka askari wale wawili kuliko karamu tuliyofanyiwa. Mmoja alitupa nyumbani. Mwingine alitucheleweshea nyumbani, na sehemu yake hatukuipata tena.

MKONO MTUPU HAULAMBWI

Ingekuwa si haki kumlaumu askari peke yake. Jamaa nao wana vizuizi vyao. Mkono mtupu haulambwi, na mtu atokaye Ulaya hudhaniwa kuwa mikono yake haiwezi kuwa mitupu. Huko Moroko arudiye kutoka ng'ambo huitwa kwa jina la utani lililotokana na neno la Kifaransa la mhamiaji, na jina hilo lina wivu kidogo ndani yake na dharau kidogo. Bei sokoni humpandia. Binamu ana deni, shangazi ana ugonjwa, rafiki wa utotoni ana biashara ambayo imekosa mtaji tu. Naye, badala ya kusema ukweli kwamba huko aliko ni mfagizi au mtia matofali, hujikaza na kutoa. Wako wakopao fedha benki ili warudi nyumbani kwa fahari ya mwezi mmoja, kisha hulipa kwa miezi 11.

Pamoja na hayo, si haki kuwacheka. Wamoroko waishio ng'ambo, ambao hukadiriwa kuwa milioni 5 hivi, wamepeleka nyumbani zaidi ya dirham bilioni 100 kila mwaka tangu mwaka 2022. Fedha hizo zimesomesha watoto, zimetibu wazee na zimejenga nyumba. Tarehe 10 Agosti, tangu mwaka 2003, ni siku ya taifa ya kuwakumbuka watu hao. Mwezi huo ndio wa arusi, kwa sababu ndio mwezi pekee ambao ndugu wote wapo. Lakini pita katika miji ya Rif mwezi wa Novemba, utaona nyumba nzuri za ghorofa, milango imefungwa, madirisha kimya. Zimejengwa na watu wanaozilalia majuma 4 kwa mwaka, wakisubiri uzee ambao watazilalia moja kwa moja.

Tena wako watoto. Mtoto aliyezaliwa Rotterdam au Lille huambiwa huko kwamba yeye ni Mmoroko. Afikapo Nador au Agadir, wenzake humcheka matamshi na kumwita mtu wa Ulaya. Methali yetu yasema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo dawa. Arudiye likizo asikalishwe kwenye kiti kama mgeni hata siku ya kuondoka. Apewe jembe. Atumwe maji, achunge mbuzi, amshike babu mkono kwenda msikitini. Mtu hawi wa nyumbani kwa kuhudumiwa, bali kwa kutumwa.

NJIA IKIKATIKA

Twaweza kupima thamani ya njia ya nyumbani kwa kutazama siku inapokatika. Waturuki, ambao walianza kwenda Ujerumani Magharibi kwa mapatano ya tarehe 30 Oktoba mwaka 1961, nao walikuwa na njia yao ya kiangazi. Ilipita Austria, Yugoslavia na Bulgaria hata mpaka wa Kapıkule, karibu na mji wa Edirne. Mwaka 1991 vita viliripuka Yugoslavia. Barabara iliyowapitisha baba na watoto kwa miaka 30 ikawa ya vifaru. Watu waliokuwa hawana ugomvi na upande wowote ikawabidi kuzungukia Hungaria na Rumania, au kupanda meli huko Italia. Vita havimwumizi aliye vitani tu. Humkatia njia hata mpita njia.

Wamoroko nao walikatiwa njia mwaka 2020, si kwa vita bali kwa maradhi ya korona. Moroko ilifunga mipaka yake mwezi wa Machi, na kiangazi hicho operesheni ya kuvuka toka Hispania haikufanyika. Haikufanyika mwaka 2021 vilevile. Ilirudi mwaka 2022. Waliokuwa na fedha walizungukia bandari za Italia na Ufaransa. Wengine walibaki wakiwatazama mama zao katika simu. Lililokuwa zito zaidi ni habari ya wafu. Wazee wengi wa kizazi cha kwanza, wale wa mihuri vifuani, walikuwa wamelipa bima miaka mingi ili wakifa maiti zao zirudishwe kuzikwa kwao. Wakafa katika miezi ile, na maiti hazikuweza kupita. Walizikwa katika ardhi waliyoifanyia kazi miaka 50 bila kuiita yao. Kwao ile likizo ya mwisho ilikwisha kupita bila ya wao kujua kwamba ni ya mwisho.

NENO LA MWISHO KWA NDUGU ASKARI

Katika nchi zetu hatuna kiangazi cha Ulaya, lakini tuna mwezi wa Desemba. Wakati huo hurudi waliokuwa Ulaya na Marekani, hurudi wasichana waliokwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, hurudi madereva wa malori na wanafunzi, na mabasi hujaa hadi mlangoni. Miongoni mwao yumo na askari mwenyewe, ambaye amepata livu yake baada ya kungoja sana, naye yumo katika basi kwa nguo za kiraia, hana cheo wala bunduki, ana mfuko na hamu ya kwao. Siku hiyo hujua jinsi kizuizi kinavyoonekana kwa mtu aliye upande wa pili.

Sheria lazima ifuatwe. Magendo yapo, silaha hupitishwa, na mwovu naye hurudi nyumbani kama watu wengine. Askari asiyekagua si mwema, ni mzembe. Ombi letu ni kwamba ukaguzi na utu vifuatane. Mwamkie mtu kwanza, ndipo utazame mzigo. Mmulike usoni kabla hujamulika begi lake. Mwenye mtoto mgonjwa mtangulize. Dereva mwenye macho mekundu mwambie alale, hata akikasirika. Na ukijua kwamba mvua imenyesha kwao, mwambie.

Amekuja kwa siku 28. Usimchukulie hata moja, kwa maana huenda ndani ya mzigo wake imo redio ya mzee fulani, na mzee huyo ameketi barazani akisikiliza kila gari lipitalo.